Sanduku la Vyombo vya Mathe

Katungu alikuwa na siku tano za kutafuta sanduku la kuwekea vyombo vya mume wake, na kwenye pindo la kitenge alikuwa amefunga bei ya mbuzi wawili, basi. Msicheke. Najua mnajiuliza ni mwanamke gani huyu anayehangaikia sanduku la fundi wa malori wakati watu wote wa Butembo wanahangaikia chumvi na sabuni. Ngojeni kwanza niwaeleze, halafu atakayetaka kucheka acheke.

Ulikuwa mwaka wa sitini na tano, wiki ile ya baada ya Pasaka, huku kwetu Mususa, mtaa wa Butembo. Mume wake aliitwa Mathe. Kazi ya ufundi aliipata kwa mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa, miaka tisa mgongo chini na uso ukidondokewa mafuta machafu. Wazungu walipofunga virago baada ya Uhuru, Mathe alirudi nyumbani na spana zake, akachimba shimo nyuma ya nyumba, akasimamisha nguzo, akaezeka mabati manne, akasema, "Iyi njo garage yetu." Watu walimcheka. Kisha malori yakaanza kuja, wakanyamaza.

Msaidizi wake alikuwa Katungu. Mathe analala chini ya gari, mkono mmoja unatoka nje, kiganja wazi, anaita, "Kumi na ine!" Na kabla hajafunga mdomo, spana ya kumi na nne iko kiganjani. Katungu kusoma hakujua, lakini spana zile alizijua kwa uzito wake tu, hata ungemfunga macho kwa kitambaa. Na kila spana ilikuwa na alama. Madereva wana mikono mirefu, nyote mnajua, kwa hiyo Mathe alichukua tupa akakata kijimfereji kwenye shingo ya kila chombo siku mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Alipozaliwa wa pili, akakata cha pili. "Mwenye kuiba iyi," alisema, "ajuwe ameiba ya baba ya batoto babili."

Sasa sikilizeni jinsi alivyopotea, maana hapo ndipo ilipo shida yote.

Mwezi wa nane wa mwaka wa sitini na nne Basimba, wale waasi, waliingia Butembo. Walikuwa wanatafuta watu wa karatasi: makarani, walimu, kila aliyekaa karibu na mzungu na kushika kalamu. Mtu fulani, Mungu anamjua na siku moja watakutana, alinyoosha kidole kwa Mathe. Wakamtoa nyumbani, wakamkalisha katikati ya barabara, mikono imefungwa nyuma, viwiko vimegusana. Wengine wawili waliokalishwa kabla yake walikuwa wamekwisha kulala chini, na hawakuinuka tena.

Katungu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Hakulia. Alikimbia garage, akabeba lile sanduku la mbao la vyombo, zito kama alivyokuwa yeye, akaja akalimwaga lote mbele ya miguu ya mkubwa wao.

"Angalia mikono yake!" alipiga kelele. "Uyu haiko karani! Uyu iko mécanicien, fundi ya malori! Mécanicien!"

Mkubwa akaangalia mikono ya Mathe, akaona makucha meusi ya mafuta. Akacheka. Kicheko kile Katungu anakisikia mpaka leo.

"Mécanicien? Bien. Shiye tuko na camion tatu zenye hapana tembea. Mufungue."

Wakamfungua. Wakalipiga teke sanduku la mbao likapasuka. Wakaokota spana saba zilizowapendeza, wakampa Mathe azibebe, wakampandisha nyuma ya lori, wakaenda naye. Mathe aliangalia tumbo la mke wake mpaka lori likapotea. Kwa hiyo Katungu alimwokoa mume wake na akampoteza, vyote viwili kwa mdomo mmoja, kwa dakika moja. Miezi minane alikuwa akilala na neno lile "mécanicien" na kuamka nalo.

Baadaye askari wa serikali walikuja, Basimba wakakimbilia porini, na waliochukuliwa wengine wakarudi wamekonda mifupa mitupu. Mathe hakurudi. Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi na mbili, msichana. Katungu aliokota vyombo vilivyobaki, akavitia kwenye gunia la mahindi, akalisukuma chini ya kitanda. Kila baada ya siku chache alikuwa akivitoa, akivipanga juu ya mkeka kutoka kidogo hadi kikubwa, akiangalia zile nafasi saba zilizo wazi. Watu wengine wangeona upungufu. Yeye alikuwa akifurahi. Alijiambia: saba hazipo, kwa hiyo anazo yeye. Mahali fulani mume wangu anafungua gari la mtu kwa ile ya kumi na nne. Tumaini lake lote lilikuwa hapo, katika nafasi zile saba, na mimi sitamcheka mtu kwa kushika alichoweza kushika.

Ndipo akaja Apollinaire.

Apollinaire ni kaka mkubwa wa Mathe, mkulima wa Vuhovi, mtu wa kusali kila Jumapili na kuhesabu mbuzi wa wenzake kila Jumatatu. Alikaa, akanywa maji, akaulizia watoto, akakohoa.

"Shemeki," alisema, "miezi munane. Mwenye alikuwa wa kurudi amerudi. Jumapili tutakuja na baba badogo. Tutakaa matanga, tutanyoa nywele, halafu tutagawa vyombo vya mutu yetu. Na weye utakuja Vuhovi, kwangu, weye na batoto. Mutu hawezi kuachia nyumba ya ndugu yake ianguke."

Mnaelewa alichosema? Spana zigawanywe kwa ndugu watatu, mabati manne yaende kwenye jiko la mtu, shimo la garage lifukiwe, na Katungu awe mke wa pili wa mzee yule aliyekuwa anamwangalia kama anavyoangalia mbuzi wa kununua. Katungu alijikaza.

"Mathe haiko mufu," alisema. "Vyombo vyake niko navyo, nimefungia ku ufunguo. Aliniachia nimulindie."

Uongo mtupu! Gunia la mahindi lina ufunguo gani? Lakini neno lile lilimgonga Apollinaire palepale, kwa sababu katika ukoo wao lilikuwa na historia. Baba yao alipokuwa akienda safari ndefu za kutafuta chumvi, mke wake alifunga kapu lenye jembe na mkuki wake kwa kamba, kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyegusa kapu hilo mpaka mke alifungue. Mara moja mume alikawia mwaka mzima na nusu, wajomba wakataka kugawana, mke akasema nimefunga, wakarudi kwao mikono mitupu. Na mke yule alikuwa bado yuko hai, tena alikuwa amekaa palepale mlangoni na rozari mkononi: mama Virginie, mama wa Mathe na Apollinaire, aliyeishi Mususa kwa Katungu.

"Kama iko chini ya ufunguo, iko na mwenyewe," alisema mama Virginie bila kuinua kichwa. "Kama iko ndani ya gunia, ni mabaki ya mufu."

Apollinaire akasimama. "Bien. Jumapili utatuonyesha."

Basi hiyo ndiyo shida ya sanduku. Haikuwa mapambo.

Siku iliyofuata Katungu alikwenda kwa Kasonia, seremala, hatua mia moja kutoka kwake. Kasonia alikuwa zamani anatengeneza meza na vitanda. Tangu vita vije alikuwa anatengeneza kitu kimoja tu, na mbao zake zote zilikuwa zimekatwa kwa kipimo cha kitu hicho, zimeegemea ukuta. Alichukua kamba ya kupimia, akauliza kwa mazoea, bila hata kufikiri:

"Urefu yake ilikuwa ngapi?"

"Ya nani?" aliuliza Katungu.

Kasonia akaona alichokisema. Akaona haya, akaanza kueleza mambo ya bawaba na misumari, kwamba mbao zilikuwa za kweli na sanduku lingekuwa imara. Lakini alitaka bei yote ya mbuzi wawili, na kufuli juu yake. Katungu aliangalia zile mbao ndefu nyembamba, akawaza vyombo vya Mathe ndani yake, na miguu yake ikaanza kurudi nyumbani yenyewe. Hata kama Kasonia angepunguza bei kwa nusu, yeye bado asingelitaka.

Siku ya pili alikwenda sokoni, kwa mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa akiuza masanduku ya bati, yale ya kuwekea nguo za bibi harusi, yamechorwa maua mekundu. Bei ilikuwa mbuzi mmoja tu. Katungu alikuwa amekuja na nyundo na spana tatu kubwa kwenye kikapu, maana hakuwa mjinga. Akazitia ndani, akainua sanduku kwa mshikio wake. Sehemu ya chini ikashuka kama tumbo la mlevi.

Mama yule alikuwa na roho nzuri, ingawa alikosa mauzo. "Iyi ni ya manguo, mama. Chuma itatoboa mpaka chini. Enda Beni, kule Mulekera, kwa mzee Aruna mwenye macamion. Iko na sanduku ya chuma, ya kweli ya garage, na droo. Anaiuzisha bei ya bure. Batu banaenda kuiangalia na banarudia bila kuinunua."

"Juu ya nini?"

"Miye hapana juwa. Banasema tu anauliza banunuzi maulizo mingi."

Maulizo hayakumtisha Katungu. Siku ya nne, Ijumaa, aliwaachia mama Virginie watoto wawili wakubwa, akamfunga mtoto mchanga mgongoni, akapanda juu ya magunia ya lori la mihogo, akafika Beni jua likiwa kichwani.

Uwanja wa Aruna ulikuwa na malori mawili yasiyo na magurudumu na moja lililo hai. Mke wa mzee, mama Sikitu, alimpokea kwa maji ya kunywa, akamshika mtoto mguu.

"Mutoto muzuri! Ni wa ngapi?"

"Wa tatu, mama."

"Na baba yake?"

"Iko safari."

"Mungu amurudishe," alisema Sikitu, akamwita mume wake.

Aruna alikuwa mzee mfupi mwenye kofia nyeupe, mtu wa sauti ya chini. Alimpeleka bandani, akavuta turubai. Na hapo, enyi watu, Katungu alisahau shida zake kwa muda. Lilikuwa sanduku la chuma, la rangi ya kijivu, lenye kifuniko juu na droo tatu chini, mishikio miwili ya kubebea, na mahali pa kufuli pazito. Alilikagua kama Mathe angelikagua. Alifungua kifuniko, akasikiliza bawaba. Akavuta droo ya kwanza mpaka mwisho kuona kama itainama, haikuinama. Akapitisha kidole kwenye pembe kutafuta kutu. Akaligonga pembeni, likajibu kwa sauti nene. Aliona tayari spana zimelala ndani kwa mpangilio, ndogo mpaka kubwa, na nafasi saba za Mathe zikimngoja. Alifurahi kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane.

"Bei ni ngapi, mzee?"

"Bei tutasema. Kwanza vuta droo ya chini. Angalia vyenye viko ndani, halafu uniambie kama unavijuwa."

Katungu alidhani mzee anampima kama anajua kazi. Akachuchumaa, akavuta.

Zilikuwa spana saba, zimelazwa juu ya kitambaa chenye mafuta.

Hakuhitaji kuziangalia alama. Aliinua moja na mkono ukajua: kumi na nne. Lakini macho yakaenda shingoni pake hata hivyo. Vijimfereji viwili vya tupa, vilivyonyooka, vya zamani, vimejaa uchafu. Na pembeni yake cha tatu.

Cha tatu hakikukatwa kwa tupa. Kilikuwa kimesuguliwa kwa jiwe au kwa kipande cha chuma, kimepinda, bado kinang'aa. Akainua ya kumi na saba: cha tatu kipo. Akainua ya kumi: kipo. Zote saba. Huko alikokuwa, bila kalenda na bila habari, Mathe alikuwa amehesabu miezi ya tumbo lile aliloliangalia mara ya mwisho, na alipoona imetimia, alikaa chini akasugua saba zote, moja baada ya nyingine. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala mgongoni pa mama yake, anapumua.

"Unavijuwa?" aliuliza Aruna.

Katungu aliona yote kwa pamoja. Aliona Jumapili, wembe kichwani, Apollinaire akichagua spana nzuri kwanza. Aliona shimo la garage likifukiwa. Aliona kitanda cha Vuhovi. Na chini ya hayo yote palikuwa na kitu cha kitoto, aibu hata kukisema: kwamba kama hatakubali, basi haijawa.

"Hapana," alisema.

Aruna alishusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Kila mara ninaogopa. Nilikula kiapo, mama: mwenye atavijuwa, nitamupatia sanduku na vyote bila franka moja, na nitamupeleka mimi mwenyewe pahali benyewe balilala. Mais weye hapana juwa, donc nitakuuzia. Lakini siwezi kuuzisha kitu ya bafu bila kusema. Sikiliza kwanza, kisha useme kama ungali unaitaka."

Na akamweleza. Basimba walikuwa wamemnyang'anya lori lake. Mwezi wa pili alisikia kwamba limeachwa porini, njia ya kaskazini, akaenda na watu wake kulitafuta. Watu wa kijiji cha karibu walimwambia kwamba siku mbili kabla yake Basimba walikuwa wanakimbia askari, lori likafa, wakamwambia fundi wao alitengeneze upesi. Milio ya bunduki ilikuwa inakaribia. Hawakumngoja amalize: waliwapiga risasi mateka wao, wakakimbia, wakaacha sanduku na spana kando ya lori.

Katungu alijua kwamba mnunuzi wa kawaida angeuliza kitu. Akauliza. Sauti ilitoka safi, sijui aliitoa wapi.

"Balikuwa bangapi?"

"Baine. Niliwazika mimi na chauffeur yangu. Batatu balikuwa ku njia. Fundi alikuwa chini ya camion, hakukuwa ametoka. Mukono tu ulikuwa inje." Aruna aligeuza kiganja chake juu, akakifungua, kuonyesha. "Namna iyi. Kama mutu anaomba kitu."

Mama Sikitu, aliyekuwa mlangoni, alimwambia mume wake, "Inatosha, baba Juma. Uyu iko na mutoto."

"Muache aseme," alisema Katungu. "Ni muzuri ajuwe mutu chenye ananunua."

Halafu akafanya jambo ambalo sijui kama mimi ningeliweza. Alianza kuomba apunguziwe. Kwa sababu mnunuzi asiyeomba apunguziwe si mnunuzi, na Aruna angemtazama mara ya pili. Aruna alitaja bei ya mbuzi mmoja na nusu. Katungu akasema kifuniko kimekwaruzwa. Akasema mshikio mmoja umelegea. Akasema vitu vya watu waliokufa hivyo havipendwi, nani mwingine atavinunua? Alisema hivyo, kwa mdomo wake, akiwa bado ameshika kumi na nne. Aruna akashuka mpaka mbuzi mmoja na robo, na akaongezea kufuli na funguo zake mbili. Kitu alichokuwa apewe bure, pamoja na kaburi la kulilia, alikinunua, na alikinunua kwa bei nzuri.

"Na izi spana zinaenda na sanduku," alisema Aruna.

Hapo aliyumba. Angeweza kuzificha? Wapi? Apollinaire alikuwa amefanya kazi garage mwezi mmoja kabla ya kugombana na mdogo wake. Alama zile alizijua. Mama Virginie alizijua. Spana moja tu yenye alama tatu ingetosha kusema yote.

"Hapana, mzee. Bakia nazo. Ya batu mi hapana taka. Labda benyewe batakuja."

Aruna alimtazama kwa heshima. "Banamuke kama weye bako kidogo," alisema, akanyoosha mkono. Katungu akaweka kumi na nne kwenye kiganja kile. Mzee akaifunga na wenzake sita ndani ya kitambaa, akaenda nazo nyumbani kwake.

Wapakizi wawili walilipandisha sanduku juu ya lori. Mama Sikitu alimsindikiza mpaka barabarani, akamfungia mtoto vizuri mgongoni, akamwekea ndizi mbili mkononi. Alionekana kama anataka kuuliza jambo, akaliacha. Njia nzima Katungu aliketi ameegemea lile chuma baridi. Askari wa kizuizi walimwamuru afungue, wakavuta droo moja baada ya nyingine, wakakuta tupu, wakamwambia "kende", yaani aende zake. Kulia hakuweza. Pale juu ya magunia palikuwa na watu wengine watano wa Butembo, na Butembo ni ndogo.

Jumapili walikuja. Apollinaire, baba wadogo wawili, na wembe umefungwa kwenye karatasi. Katungu alikuwa amepanga vyombo vyote ndani kwa mpangilio wake, akaacha nafasi saba. Sanduku lilikuwa katikati ya garage, kufuli limening'inia, ufunguo shingoni pake.

Wazee walilizunguka. Mmoja alijaribu kuinua upande mmoja, akaacha. Mwingine alipitisha mkono juu ya chuma, akauliza limetoka wapi, na alipoambiwa Beni, akauliza bei. Katungu akataja. Wakatazamana.

"Alisema iko ku ufunguo," alisema Apollinaire, "mais uyu sanduku ni ya juzi! Shemeki, ulitudanganya!"

Mama Virginie akainuka kutoka kwenye kigoda. Mwaka ule hakuwa akisimama mara nyingi. "Ya juzi ao ya jana, amefunga ao hapana funga?"

"Amefunga, mama, lakini..."

"Weye unaona mwanamuke mwenye kumaliza pesa ya mbuzi wake ju ya mutu mufu? Miye nilifungia baba yenu kapu kwa kamba ya ndizi. Uyu amefungia mwenzake kwa chuma. Mutu mwenye anafanya vile, iko na kitu anajuwa ndani ya roho yake." Akamgeukia Katungu. "Mathe iko muzima?"

"Iko muzima, mama."

"Mumesikia. Mwende mukalime."

Wakaenda. Apollinaire aliusahau wembe wake juu ya ukuta, akarudi kuuchukua, hakumwangalia mtu. Mabati manne yakabaki juu ya nguzo, nyumba ikabaki, watoto wakabaki. Katungu alikuwa ameshinda. Kila alichokitaka siku ile ya Apollinaire alikuwa amekipata, na alisimama pale garage akiwa hana hata mahali pa kuketi chini na kupiga yowe moja.

Jioni, watoto walipokuwa wakila, mama Virginie alikuja na kigoda chake akaketi karibu na sanduku. Alilipapasa. Uso wake ulikuwa umekunjuka kama wa msichana.

"Binti yangu, nikuambie. Miye nilikuwa nimesha kata tamaa. Kila asubuhi nilikuwa ninamulilia kule ku choo, ju usinione. Nilimulilia kama mutu mufu, Mungu anihurumie. Sasa nitaacha." Akacheka kidogo, akafuta macho. "Mais miye ni muzee. Kama siku moja utasikia habari, habari yoyote, hata ile mubaya, usinifiche. Mama iko na haki ya kulilia mutoto wake. Utaniambia?"

Katungu alikuwa akimnyonyesha mtoto wa tatu. Alimbadilisha upande.

"Nitakuambia, mama," alisema.